Ingobyi na Kamba: Jamaa Zetu na Wagonjwa wa Akili Upande wa Jomba na Bunagana

Mtu yeyote aliyekomea katika vilima vya Jomba anajua ingobyi ni nini. Kabla magari hayajazoea njia zetu, na hata baadaye katika vijiji ambako pikipiki haipandi wakati wa mvua, mgonjwa alibebwa juu ya mabega. Ingobyi ni kitanda cha kusukwa, wengine wanasema tipoyi, chenye miti miwili mirefu pembeni. Wanaume wanne wanaingia chini yake, wawili mbele na wawili nyuma, na wengine wanafuata mikono mitupu wakingoja zamu yao. Mlima ukianza wanabadilishana. Nyuma kabisa wanatembea wanawake wa jamaa, na sufuria, na mkeka, na uji wa mgonjwa.

Desturi hii ilikuwa na sheria zake ingawa hazikuandikwa popote. Kila rugo ilitoa mwanaume mmoja. Aliyekataa bila sababu alitozwa faini, mara nyingi pombe, na siku yake ya kuugua ikifika wenzake walimkumbusha. Kwa ndugu zetu wa Kigezi, ng'ambo ya mpaka, vikundi hivyo vinaitwa engozi, na vilikuja kuwa vyama kabisa, na orodha ya majina na michango.

Katika insha hii tunataka kuuliza swali moja ambalo wazee hawakupenda kuliuliza kwa sauti. Huyu wa malaria tulimbeba, huyu wa kuzaa kwa shida tulimbeba, huyu aliyevunjika mguu tulimbeba. Na yule ambaye kichwa chake ndicho kinaugua, tulimbeba namna gani? Jibu ni kwamba yeye pia alibebwa mara nyingine, lakini na kamba. Basi tutazungumza juu ya vitu hivyo viwili, ingobyi na kamba, tangu mababu mpaka siku zetu, ili tuone ni kipi kati yao tunataka kuwaachia watoto.

1. Maneno tunayoyatumia

Tuanze na maneno, sababu maneno yanaficha historia. Kwa kiswahili tunasema kichaa, mwenda wazimu, mtu ana wazimu. Neno wazimu ni ndugu ya mzimu, yaani roho ya mtu aliyekufa. Kwa kinyabwisha, sawa na kinyarwanda na kifumbira, tunasema umusazi, yaani aliyerukwa na akili, na abazimu ni roho za wazazi waliotutangulia. Mnaona kwamba katika lugha zote mbili mawazo ya zamani yanabaki: kilichoharibika si mtu mwenyewe, bali kuna kitu kimekuja kukaa ndani yake.

Lakini kuna maneno mengine matatu ambayo tunayapita bila kuyaangalia. Kurwara ni kuugua. Umurwayi ni mgonjwa. Na umurwaza? Huyo ni mtu wa jamaa anayekaa na mgonjwa, anayempikia, anayemwosha, anayelala chini kando ya kitanda chake. Kiswahili cha vitabu hakina neno moja linalolingana naye. Katika hospitali zetu tunamwita mulinzi wa mugonjwa, na muuguzi wa zamu akiingia, jambo la kwanza analouliza ni hili: “Mulinzi wake iko wapi?” Mgonjwa asiye na mlinzi ni kama hayupo. Kwa hiyo mambo ambayo wataalamu wa siku hizi wanaita kushirikisha jamaa katika matunzo, babu zetu walikuwa nayo katika sarufi.

Tueleze pia ugonjwa tunaouzungumzia. Hatuzungumzii huzuni ya kufiwa, wala hofu inayomshika mtu baada ya kusikia bunduki, ingawa hayo nayo yanaumiza. Tunazungumzia magonjwa makali: mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini anawindwa na jirani au na redio, halali siku nne au tano, anaongea mbio kama maji ya mto, ao kinyume chake, ananyamaza na kuacha kuoga na kula. Ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi unaanza katika ujana, kati ya miaka kumi na tano na thelathini, ndiyo kusema wakati ule ule jamaa ilipokuwa ikingoja matunda ya mtoto wake.

2. Zamani za mababu

Kwa mababu, ugonjwa wa akili haukuwa kesi ya mtu mmoja. Ulikuwa kesi ya ukoo. Mtu akianza kusema ovyo, baba yake aliita ndugu zake, wajomba na mashangazi, wakakaa pamoja. Swali halikuwa “Ana nini?” bali “Nani amekasirika?” Pengine mzazi aliyekufa hakutolewa sadaka yake. Pengine mtu wa ukoo alikula kiapo akakivunja. Pengine jirani amemloga. Walienda kuraguza kwa mupfumu, na mupfumu akasema. Kisha wakafanya guterekera, yaani kuwapa abazimu pombe na chakula katika kibanda chao. Wengine waliingizwa katika kubandwa, ibada ya Ryangombe. Na katika nchi yetu hii ya volkano, kuanzia Ndorwa mpaka Bufumbira na Jomba, aliyeogopewa kuliko wote alikuwa Nyabingi, na watumishi wake walipokea zawadi za jamaa nyingi.

Sisi wakristo wa leo tunaweza kuyacheka hayo, lakini tuyapime kwa haki. Upande wa mema: gharama ya mbuzi na pombe iligawanywa; lawama haikumwangukia mgonjwa peke yake; na siku ya sherehe alikaa katikati ya watu wake, si nyuma ya nyumba. Akipata nafuu, alirudi kwenye kazi ndogo alizoziweza, kuchunga mbuzi, kuchota maji, kulinda shamba la mtama na ndege. Hakuna aliyemuuliza cheti.

Upande wa mabaya nao ni mzito. Mupfumu akitaja mlozi, mara nyingi alikuwa mwanamke: mke wa pili, mjane, ao bibi-arusi aliyetoka mbali. Ugonjwa wa mmoja ukawa adhabu ya mwingine. Mgonjwa aliyepiga watu alipigwa naye, eti fimbo inafukuza roho. Na pale ambapo mizimu haikusikia, kamba ilisikia: mikono ilifungwa nyuma, ao mguu uliingizwa katika gogo lenye tundu, siku hadi mwezi, mwezi hadi mwaka. Ile jamaa haikuwa na ubaya moyoni. Ilikuwa imechoka, na hakuna mtu aliyeiletea kitu kingine mahali pa kamba.

3. Mpaka ulipopita katikati ya jamaa

Mwaka wa 1910, huko Brussels, Wabeleji, Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mpaka katika nchi ya volkano. Bufumbira ikaenda kwa Waingereza, Jomba ikabaki upande wa Wabeleji, Mulera upande wa Wajerumani. Bunagana yetu ikawa mahali pa kizuizi, na kaka na dada wakajikuta katika serikali mbili. Jambo hili linahusu somo letu moja kwa moja: baraza la ukoo, lile lililokaa kumzunguka mgonjwa, lilikatwa vipande. Lakini watu wetu hawakuacha kuvuka. Mpaka leo mtoto akiugua Bunagana, kuna shangazi Kisoro anayepaswa kujulishwa.

Serikali za wakoloni ziliogopa mambo ya roho kwa sababu ziliyaona kuwa maasi. Muhumusa, mwanamke aliyesema kwa jina la Nyabingi, alikamatwa na Waingereza mwaka wa 1911 akapelekwa Kampala, akabaki huko mpaka kufa kwake mwaka wa 1945. Tangu hapo, uganga ulijificha. Haukuisha, ulihamia usiku, na jamaa zikajifunza kuwaficha wagonjwa wao pamoja nao.

Na kwa wagonjwa wenyewe wakoloni walileta nini? Walileta nyumba yenye ukuta. Nairobi iliipata mwaka wa 1910, ndiyo baadaye ikaitwa Mathari. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka wa 1927. Uganda ilianza kwa kuwaweka wagonjwa hao katika jela ya Hoima, kisha Mulago, na mwaka wa 1955 ikafungua Butabika, nje kidogo ya Kampala. Kutoka Kisoro mpaka pale ni zaidi ya kilometa 400. Fikirieni mama wa Bufumbira ambaye mtoto wake amepelekwa huko katika miaka ile ya 1950. Anamfuata namna gani? Anamlinda namna gani? Mgonjwa alipata daktari lakini alipoteza umurwaza. Na akirudi baada ya miaka, nyumbani hakuna aliyejifunza kitu. Wanamwogopa kuliko alipoondoka.

Tuseme pia mema yao. Nyumba zile zilipokea watu ambao kijiji kiliwafukuza. Na kwa upande wa Maziwa Makuu kuna kazi ya Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na padri Petrus Jozef Triest katika mji wa Gent, Ubelgiji, mwaka wa 1807. Huko Gent, Triest alifanya kazi na daktari Joseph Guislain, ambaye alifungua wagonjwa minyororo na kudai watendewe kama wagonjwa wengine. Mabruda hao ndio walioleta Ndera karibu na Kigali, Kamenge kule Bujumbura, Sosame kule Bukavu, na Tulizo Letu kule Goma. Tuangalie vizuri jina hili la mwisho. Hawakusema Tulizo Lake, kana kwamba linamhusu mgonjwa pekee. Walisema Letu. Anayetulizwa ni mgonjwa pamoja na watu wake.

4. Wengine walifanya namna gani?

Tusifikiri kwamba swali hili ni la Jomba tu. Katika nchi ile ile ya Ubelgiji kuna mji mdogo unaoitwa Geel. Tangu zamani za kati, watu walipeleka wagonjwa wa akili huko kuhiji kwa Mtakatifu Dimfna. Kanisa lilipojaa, wakazi waliwapokea nyumbani mwao. Kidogo kidogo ikawa desturi: mgonjwa anakula mezani pa jamaa isiyo ya damu yake, analima nao, anazeeka nao. Mwaka wa 1938 Geel ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,700 wakiishi katika nyumba za watu. Baadaye hesabu ilipungua sana, lakini desturi haikufa. Hakuna aliyewafundisha shuleni. Mtoto aliona mama yake akifanya, naye akafanya.

Mfano wa pili uko Afrika, nao unatufaa zaidi. Mwaka wa 1954, daktari Mnaijeria aliyeitwa Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea Uingereza, alirudi kwao Abeokuta. Hospitali ya Aro ilikuwa bado inajengwa, vitanda havikutosha. Badala ya kungoja, alienda kwa wazee wa vijiji vya karibu akawaomba wapangishe vyumba kwa wagonjwa. Aliweka sharti moja: kila mgonjwa aje na mtu wa jamaa yake, angalau mmoja, wa kumpikia, kumfulia na kumleta kwenye matibabu kila siku. Mchana dawa na mazungumzo, jioni kijijini. Wanakijiji walipata kodi na kazi, wakaacha kuogopa. Waganga wa kienyeji nao waliitwa kusaidia, hawakufukuzwa. Mnamtambua yule mtu wa sharti la Lambo? Ni umurwaza wetu. Lambo hakumbuni, alimpa tu nafasi yake ndani ya hospitali. Baadaye daktari huyo alipanda mpaka kuwa naibu wa mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Shirika hilo lenyewe, katika miaka ya 1960, lilianzisha uchunguzi mkubwa katika nchi 9 juu ya ugonjwa wa skizofrenia. Waliwafuata wagonjwa kwa miaka mingi. Jambo lililoshangaza wengi ni kwamba wagonjwa wa Ibadan (Nigeria) na wa Agra (India) walipata nafuu kuliko wengi wa miji tajiri. Wataalamu walibishana, na wengine wanabishana bado, lakini sababu mojawapo iliyotajwa ni hii: kule mgonjwa alibaki na jamaa na kazi.

Hapa wasomaji wengine wataanza kupiga makofi: “Munaona! Desturi zetu zinashinda hospitali!” Polepole. Kuna uchunguzi mwingine. George Brown na wenzake, kule London, waliangalia wagonjwa waliorudi nyumbani baada ya kutoka hospitalini. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka wa 1972 na kuthibitishwa mwaka wa 1976 na Christine Vaughn na Julian Leff, yalionyesha kwamba mgonjwa aliyerudi katika nyumba ya matusi, lawama na kelele, ao nyumba ya kumshika kama mtoto mchanga asiyeweza kitu, aliugua tena upesi kuliko aliyerudi katika nyumba ya utulivu. Kwa hiyo jamaa si dawa kwa sababu tu ni jamaa. Jamaa inaweza kuwa dawa, na inaweza kuwa sumu. Inategemea imefundishwa nini, na imechoka kiasi gani.

Na dawa za hospitali zisidharauliwe. Largactil ilianza kutumiwa Paris mwaka wa 1952, na Haldol ilivumbuliwa mwaka wa 1958 na Paul Janssen kule Beerse, si mbali na Geel tuliyoitaja. Dawa hizi hazimalizi kila kitu, zina uzito wake kwa mwili, lakini zimewatoa watu wengi katika gogo. Yule ambaye babu zetu walimfunga kwa sababu hawakuwa na la kufanya, leo kuna la kufanya.

5. Jambo lililotupata

Inatupasa sasa kusema jambo lisilotupendeza, sababu insha ya historia isiyojihukumu ni hadithi tu.

Mwaka wa 2018 katika shule ya sekondari tulipokuwa tunafundisha, mwanafunzi wa mwaka wa tano, mtoto mpole, alianza kucheka peke yake darasani. Aliacha kuandika. Alijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Sisi walimu tulikaa katika baraza la nidhamu, na baada ya dakika kama ishirini tulijua yote: “Uyu anavuta bangi.” Tulimwita baba yake, si kumuuliza, bali kumpa barua. Mtoto alifukuzwa.

Baba alimpeleka kwenye chumba cha maombi. Kisha kwa mganga, mbuzi wa kwanza, mbuzi wa pili. Siku moja mtoto alimpiga mdogo wake na mpini wa jembe. Basi wakamfunga mguu kwenye nguzo ya jikoni ya nyuma. Alikaa pale miezi saba. Jirani walijua. Sisi pia tulisikia, tukasema ni mambo ya jamaa. Mwenye kumpelekea chakula, kumwosha na kuzoa uchafu wake alikuwa mtu mmoja tu, mama yake.

Aliyevunja mambo hayo ni shangazi aliyeolewa upande wa Kisoro. Alikuja kwa kilio. Akauliza mtoto yuko wapi, wakamwambia, “Alienda safari.” Usiku akasikia kikohozi nyuma ya nyumba. Asubuhi alikaa mlangoni pa jikoni akakataa chakula. Akasema: “Miye siwezi kula mu nyumba yenye inafunga mutoto wa kaka yangu.” Kwa desturi zetu, shangazi akikataa kula, baba hana raha. Ukoo uliitwa siku ile ile. Mmoja aliuza mbuzi, watu wa kanisa walichanga, mjomba alitoa pikipiki yake. Mtoto alifunguliwa, akapelekwa katika kituo cha wagonjwa wa akili kule Goma, karibu kilometa 100, akikaa kati ya dereva na baba yake mdogo. Tunasema kwamba ile pikipiki ilikuwa ingobyi.

Baba mdogo alibaki kule kama mulinzi wiki sita. Alirudi na mgonjwa aliyetulia, na pia na elimu. Aliweza kueleza kwa nini kidonge hakiachwi mtu akipata nafuu, ni dalili gani zinatangulia ugonjwa kurudi (kwa huyu ilikuwa kukosa usingizi na kufunika kioo), na kwa nini hawapaswi kumpigia kelele. Walipanga zamu: dawa ni kwa mama, safari ya kuchukua dawa ni kwa baba mdogo, shamba ni pamoja na kaka yake, na kila mwisho wa mwezi mama analala kwa dada yake siku mbili ili apumzike.

Kisha vita. Bunagana imezoea vita: ilichukuliwa na M23 Julai 2012, ikarudishwa na jeshi la serikali mwishoni mwa Oktoba 2013, na tarehe 13 Juni 2022 M23 wakaichukua tena. Siku ile maelfu walivuka kuingia Uganda. Katika msongamano ule yule mama alikuwa na mtoto wake, kijana mkubwa sasa, anayeogopa kelele kuliko wengine. Alirarua kitenge, akafunga kiganja cha mtoto na kiganja chake mwenyewe. Tulipokutana naye ng'ambo, mtu mmoja alimwambia, labda kwa utani, “Mama, umemufunga tena?” Akajibu: “Sikumufunga. Tulifungana.”

Dawa zilibaki za siku tisa, na njia ya Goma haikupitika. Kama utunzaji ungekuwa wa mama peke yake, ungeishia pale. Lakini yule shangazi alikuwa Kisoro. Aliwapokea, akachukua karatasi ya dawa iliyokunjwa katika kitambaa, akazunguka nayo mpaka akapata kinachofanana. Zamu iliendelea ng'ambo ya mpaka ule wa 1910.

Sisi tulimwomba yule kijana msamaha mbele ya mama yake. Hakujibu mengi. Aliuliza tu kama daftari zake ziko bado shuleni. Hazikuwepo.

6. Tufanye je?

Wengi wanasema kosa la siku hizi ni kwamba tumeacha desturi ya kutunza wagonjwa nyumbani. Sisi hatukubali. Wagonjwa wa akili karibu wote wako nyumbani bado. Kosa letu ni lingine: tumewaacha nyumbani na mtu mmoja. Ingobyi ina watu wanne chini yake na wengine nyuma. Hakuna mzee aliyewahi kumwambia mwanamke mmoja, “Beba mgonjwa huyu peke yako mpaka hospitali.” Lakini kwa mgonjwa wa akili ndivyo tunavyofanya kila siku, miaka kumi, miaka ishirini, na mama akichoka akachukua kamba, tunasema ana roho mbaya.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, ambayo ukoo wowote unaweza kuyafanya.

Kwanza, baraza la jamaa likae mapema, dalili zinapoanza, si baada ya mtu kupigwa. Na swali liwe “Ana nini, tumpeleke wapi?” kuliko “Nani amemloga?” Mtoto wa shule akibadilika ghafla, mwalimu awe wa kwanza kuita jamaa, kwa mazungumzo, si kwa barua.

Pili, zamu. Jamaa ichague nani wa dawa, nani wa safari, nani wa pesa, nani wa kumpumzisha mlinzi. Walio mbali, Goma, Kampala, hata Ulaya, wana bega la kutuma: ni nauli na bei ya dawa.

Tatu, mlinzi afundishwe. Akimsindikiza mgonjwa, aulize kila kitu: dawa gani, saa ngapi, inaleta nini mwilini, itapatikana wapi njia ikifungwa. Karatasi ya dawa ihifadhiwe kama karatasi ya shamba. Nchi yetu iligawanywa katika zoni za afya tangu miaka ya 1980, na Bunagana iko katika ile ya Rwanguba. Basi muuguzi wa kituo cha karibu ajulishwe jina la kila mgonjwa wa namna hii.

Nne, maombi na dawa visigombane. Anayeombea malaria hamkatazi mgonjwa kunywa dawa ya malaria. Ni hivyo hivyo hapa. Mchungaji ao katekista anayesema “tupa vidonge” anachukua deni asiloweza kulilipa.

Tano, nyumba itulie. Akisema anasikia sauti, usimcheke na usigombane naye. Mwambie: “Miye siisikii, lakini naona inakusumbua.” Akipandwa na hasira, ondoeni mapanga na wapiga kelele, aingie mtu mmoja ao wawili anaowazoea. Ikibidi kumshika ili asijiumize, ni kwa dakika za safari, si kwa miezi.

Sita, kazi. Kila siku awe na kitu chake cha kufanya, hata kama ni kuku wawili.

Kinyabwisha kina methali: Ijya kurisha ihera ku rugo, ng'ombe anayekwenda malishoni huanzia penye rugo. Kuna mambo ambayo ni kazi ya serikali na ya madaktari, na tuwadai: dawa zifike, wauguzi wafundishwe, barabara zipitike. Lakini hatuwezi kungoja mpaka hayo yote yatimie ndipo tufungue mguu wa mtu jikoni. Yule shangazi hakungoja. Alikataa tu kula.

Mgonjwa wa namna hii yupo pia katika kijiji cha msomaji wa kurasa hizi. Mlinzi wake anajulikana. Jioni hii mtu aende amuulize zamu yake inaisha lini.